Insha ya Kwanza ya Chuo: Mwongozo wa Kuifikiria, Kuiandika na Kuiandika Upya

Kila muhula, ikifika wiki ya tisa au ya kumi, simu yangu huanza kuingia jumbe za aina moja. "Nimepata 11 kwa 30 na sijui nilikosea wapi." Wanaoniandikia si wavivu. Wengi walikuwa wakisifiwa kwa insha zao shuleni. Wamesoma, wameandika kurasa sita, wameprinti, wamebana kwa pini na kupeleka siku mbili kabla ya tarehe.

Kosa lao nalijua hata kabla ya kuisoma kazi yenyewe: wamepeleka rasimu ya kwanza. Wala si ajabu. Katika karatasi ya insha ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ile 102/1, ulikuwa na saa moja na dakika 45 za kuandika insha mbili za maneno 400 hivi kila moja. Rasimu ya pili ingeandikwa saa ngapi? Kwa hiyo mkono ulizoea: ukishaweka nukta ya mwisho, kazi imekwisha. Chuoni, hapo ndipo kazi inapoanza.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye muhula wa kwanza, mwenye insha ya kurasa tano hadi nane na wiki nne hivi mkononi. Ukiwa na siku mbili tu, anza na hatua ya tano. Utaokoa kitu.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kauntabuku moja ya kozi moja. Usichanganye na noti za kozi nyingine, wala hesabu za pesa za HELB, yaani mkopo wa masomo.
- Kalamu za rangi mbili.
- Swali lenyewe kwenye karatasi. Picha ya WhatsApp haitoshi kwa sababu utalichorachora.
- Muhtasari wa kozi uliogawiwa wiki ya kwanza. Ndio utakaokuonyesha mhadhiri anathamini nini.
- Kadi ya maktaba na nenosiri la maktaba ya mtandaoni. Vyuo vingi hulipia hifadhi za majarida, JSTOR ikiwa mojawapo, na baadhi huwafungulia wanafunzi mlango wakiwa nyumbani kupitia programu ya MyLOFT. Mwulize mkutubi. Ni shughuli ya dakika kumi, lakini nimekutana na watu wa mwaka wa nne ambao hawakuwahi kuuliza.
- Mtu mmoja atakayekubali kusomewa.
- Saa mbili, mara tatu kwa wiki, mahali pasipo na kitanda. Kama hosteli ina kelele na maktaba ya chuo imejaa, Maktaba ya Kitaifa iko Upper Hill. Anayekaa Eastlands ana matawi ya Maktaba ya McMillan, Kaloleni na Makadara.

Kompyuta si lazima mwanzoni. Na kitabu chako cha methali na misemo kiache nyumbani kwa mama. Sababu utaiona kwenye hatua ya tisa.

## Hatua ya 1: Lichore swali

Chukua kalamu nyekundu, zungushia kitenzi. "Eleza" linataka uonyeshe jambo linavyofanya kazi. "Jadili" linataka pande mbili au zaidi, kisha uamuzi wako. "Tathmini" linataka kipimo: kizuri au kibaya kwa kutazama nini? "Linganisha" linataka vitu viwili vipimwe kwa mizani moja, wala si aya tatu za hiki zikifuatwa na aya tatu za kile.

Kisha pigia mstari maneno yanayoweka mipaka: mahali, miaka, watu. Swali likisema "jijini Nairobi", Mombasa haina nafasi hata ikiwa una hadithi tamu ya Mombasa.

Utajua umefaulu ukiweza kumwambia mwenzako bila kutazama karatasi: "Ameniuliza niamue kuhusu hiki, katika mipaka hii."

## Hatua ya 2: Andika noti kwa kurasa mbili

Fungua kauntabuku. Ukurasa wa kulia ni wa mhadhiri: alichosema, majina, miaka. Wa kushoto ni wako. Humo andika yale uliyoyakataa moyoni, yaliyokuchanganya, na yaliyokukumbusha kitu ulichokiona kwenu. Kwa kila mhadhara weka angalau sentensi moja upande wa kushoto, hata kama ni "Mbona hili haliko hivyo kwetu Kayole?"

Wengi hujaza kulia tu. Wakifika wakati wa kuandika insha wana kurasa 40 za mawazo ya mtu mwingine na hawana hata moja lao. Hapo utawalaumu vipi wakirudisha noti za mhadhiri kwa mhadhiri?

Usingoje wazo kubwa. Upande wa kushoto ni jaa la takataka; unatupa chochote, utachambua baadaye.

## Hatua ya 3: Soma, funga, andika

Tafuta maandishi matatu au manne yanayohusu swali lako. Si kumi. Soma kurasa tatu au nne, funga kitabu au geuza simu kifudifudi, kisha andika kwa maneno yako mwandishi anadai nini na anatumia ushahidi gani. Fungua uhakikishe. Weka nambari ya ukurasa papo hapo.

Ukiandika kitabu kikiwa wazi, mkono unanakili na kichwa kinalala. Tena ndivyo wizi wa maandishi unavyowakuta watu wasiokusudia kuiba: wiki tatu baadaye hujui tena sentensi ipi ni yako na ipi ni ya kitabu.

Kwa sheria na kanuni za Kenya, nenda kwenye tovuti ya Kenya Law, ni bure. Kumbukumbu za mijadala ya Bunge ziko kwenye tovuti ya Bunge. Ukitaka nyaraka za zamani, jengo la Nyaraka za Kitaifa liko Moi Avenue na umelipita mara mia ukikimbilia steji.

## Hatua ya 4: Geuza mada iwe swali linalokuwasha

Hapa ndipo insha nyingi hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka jana msichana mmoja wa mwaka wa kwanza aliniletea mpango wa insha ya sosiolojia. Swali lilikuwa: jadili utekelezaji wa kanuni za usafiri wa umma jijini Nairobi. Alikuwa ameandika: *Utangulizi. Maana ya usafiri. Faida za Sheria za Michuki. Changamoto. Mapendekezo. Hitimisho.*

Huo si mpango, ni kabati tupu. Darasa zima litaleta kabati hilohilo, na mhadhiri atalifungua mara 120.

Kwa ambao walikuwa wadogo: kanuni anazozitaja ni za Tangazo la Kisheria nambari 161 la 2003, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi. Ziliamuru vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama, mstari wa njano ubavuni mwa gari na sare kwa dereva na makanga. Zile matatu za Nissan zilizobeba abiria 18 zikashushwa hadi 14.

Nikamwuliza, "Leo asubuhi umekuja na matatu?"

"Ndiyo, kutoka Kawangware."

"Katika kanuni hizo, ni ipi uliyoiona kwa macho?"

Akafikiri. "Mstari wa njano."

"Na mkanda?"

Akacheka. "Upo, lakini umefungwa fundo nyuma ya kiti. Na kile kifungo cha kuchomekea kimejaa maganda ya njugu."

Nikanyamaza. Akanitazama, kisha akasema, "Mwalimu, si hii sasa ni hadithi tu?"

Mimi si mwalimu wake, ila watoto wa Nairobi wana adabu. Na ile haikuwa hadithi tu. Mstari na mkanda vilizaliwa siku moja, kwa tangazo moja. Kwa nini mmoja umedumu na mwingine umefungwa fundo? Hilo ni swali. Lina jibu ambalo halijulikani kabla ya kutafutwa, na yeye mwenyewe alitaka kulijua. "Changamoto za Sheria za Michuki" halikumkosesha mtu usingizi.

Namna ya kufanya: chukua mada yako, tafuta mahali ambapo unachosoma na unachokiona havipatani. Uliza "kwa nini" au "imekuwaje". Kama huoni mgongano wowote, rudi kwenye kurasa za kushoto za kauntabuku. Umo humo.

Tahadhari: usichague swali ambalo unajua jibu lake tayari. Utaandika mahubiri.

Utajua umefaulu ukimwuliza mtu swali lako kwenye foleni ya chakula naye aanze kubahatisha jibu badala ya kuitikia kwa kichwa.

## Hatua ya 5: Rasimu ya kwanza, mbio mbio

Tenga dakika 90. Simu izimwe. Andika kuanzia unapojua, hata kama ni katikati. Usirudi kurekebisha. Usifungue kamusi. Usipojua kitu, weka mabano yenye neno TAFUTA na uendelee.

Andika kwa lugha unayobishania. Kozi nyingi hapa hufundishwa kwa Kiingereza na insha itapelekwa kwa Kiingereza, lakini pita kantini usikilize wanafunzi wakigombana kuhusu siasa au mpira: ni Kiswahili, ni Sheng, na hoja zinapangwa vizuri kuliko darasani. Mtu akianza rasimu kwa lugha ya heshima anaanza pia kusema mambo ya heshima, yaani yale yasiyomuudhi mtu na yasiyosema kitu. Rasimu hii haionwi na mtu. Iandike hata kwa Sheng ya Umoja, utaitafsiri ukishajua unasema nini.

Rasimu itakuwa mbaya. Ni sawa. Kazi yake ni kukuonyesha unafikiri nini, kwa sababu bado hujui, hata ukidhani unajua.

Hapa ndipo watu hushawishika. ChatGPT itakumwagia kurasa tano za faida na changamoto kabla chai haijapoa. Na mjini humu wapo wengi wanaowaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha kwa malipo. Baadhi yao ni majirani zako wa hosteli, na kuna atakayejitolea kukutoa kwa bei ya rafiki. Kando na adhabu ya chuo, kuna hasara ndogo zaidi ambayo hakuna anayekutangazia: hakuna hata mmoja wao aliyekaa kwenye kile kiti cha Kawangware akaona maganda ya njugu. Utapata kabati tupu, limepigwa vanishi tu.

## Hatua ya 6: Tafuta pa kuanzia

Hii ndiyo hatua iliyonibadilisha, na niliilipia.

Insha yangu ya kwanza ya chuo ilikuwa kuhusu wachuuzi wa katikati ya jiji. Kurasa sita. Tano za kwanza zilieleza uchuuzi ni nini, ulianza lini, una faida gani na hasara gani. Ukurasa wa sita niliuandika usiku wa manane, nimechoka, nataka nilale. Nikaandika kwamba mchuuzi humkimbia kanjo, yaani askari wa jiji, lakini hamkimbii mwenye duka aliyesimama mlangoni hatua mbili kutoka kwake, kwa sababu mara nyingi mzigo anaouza umetoka ndani ya duka hilohilo.

Mhadhiri alipigia mstari sentensi ile moja. Pembeni akaandika maneno mawili: "Anza hapa." Alama, 12 kwa 30.

Nilikasirika wiki nzima. Kama alipenda sentensi ile, mbona hakunipa alama zake? Baadaye sana ndipo nilielewa. Kurasa tano zilikuwa safari yangu ya kufika kwenye wazo. Zilikuwa na faida kwangu, lakini nilimlazimisha yeye pia atembee njia yote hiyo, halafu alipofika mlangoni nikamwambia kwaheri.

Tangu siku hiyo nimesoma rasimu nyingi za mwaka wa kwanza, na ni kama desturi: wazo la kweli liko ukurasa wa mwisho. Kichwa kinapasha moto kwa kurasa kadhaa, kisha mtu anachoka kujipamba na kusema anachoona.

Namna ya kufanya:

Acha rasimu ilale siku moja au mbili. Kisha soma aya mbili za mwisho kwanza. Tafuta sentensi ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuikataa. Ukiipata, ikate uiweke juu ya karatasi mpya. Hilo ndilo dai lako. Weka rasimu ya zamani kando na uandike insha upya, ukianzia hapo. Nasema uandike, si urekebishe. Karatasi mpya, au faili jipya.

Yule wa Kawangware alikuwa ameandika mwishoni kabisa: "Labda ni kwa sababu askari huona mstari akiwa mbali lakini mkanda hadi ainame dirishani." Aliliweka neno "labda" mbele kana kwamba anaomba msamaha. Tukalitoa. Rasimu ya pili ikafunguka hivi: kanuni zilizodumu ni zile ambazo askari anaweza kuziona akiwa amesimama kando ya barabara.

Tahadhari: inauma. Utaona kurasa tatu zikienda bure na utatafuta kisingizio cha kuzibakiza. Usizifute kabisa, ziweke kwenye faili liitwalo "mabaki". Karibu hutalifungua tena, lakini mkono utakubali kukata.

Utajua umefaulu kama rasimu ya pili inaanzia pale ya kwanza ilipoishia, na kama hujui bado itaishia wapi.

## Hatua ya 7: Mlete mpinzani

Dai lisilopingwa halijapimwa. Andika kwa haki hoja kali zaidi dhidi yako, kama ambavyo mpinzani mwenyewe angeiandika. Usimlete mpinzani mjinga umwangushe kwa ngumi moja. Mhadhiri ataona kwamba umechagua wa kupigana naye.

Kisha toka ukaangalie. Si kila kozi inaruhusu, lakini nyingi huruhusu zaidi ya wanafunzi wanavyodhani: steji, soko, wodi, mahakama ya wazi. Chukua kauntabuku, hesabu kitu. "Mikanda 3 kati ya viti 14, gari moja, Jumanne asubuhi" ni ushahidi mdogo, na useme ni mdogo. Bado ni bora kuliko "watu wengi hawafungi mikanda". Gari moja halithibitishi jiji zima. Linakupa tu haki ya kuuliza.

## Hatua ya 8: Msomee mtu kwa sauti

Usimpe asome. Msomee wewe. Ulimi utajikwaa pale sentensi ilipo mbovu, na uso wake utakuonyesha alipopotea.

Mwombe asiseme "iko poa". Mpe kazi mbili tu: akuambie kwa sentensi moja unadai nini, na akuambie wapi hakuamini.

Binti wetu alimsomea mwenzake wa chumbani, mkaazi wa Rongai. Alipofika kwenye dai la kanuni zinazoonekana, mwenzake akamkatiza: "Wee, na nganya je?"

Kimya. Nganya, yaani matatu ya mapambo, ya Rongai imechorwa kuanzia bampa hadi paa, mistari ya njano haionekani hata ukiitafuta kwa tochi, na hakuna askari ambaye hajaiona. Inaonekana kuliko gari lolote barabarani. Kwa neno moja dai lilikuwa limepasuka.

Alinipigia akiwa karibu kulia. Mimi nilifurahi, samahani zake. Maana sasa alikuwa na kitu cha kufikiri. Nganya inapata nini kwa kuuficha mstari? Abiria. Vijana wataiacha matatu tupu waingoje ile yenye michoro na muziki. Na ile kanuni ya abiria 14, ambayo uvunjaji wake unaonekana hata na mtoto, huvunjwa lini? Jioni, mvua ikinyesha, nauli ikiwa juu. Akalijenga dai upya: kuonekana huilinda kanuni pale tu ambapo mwenye gari hapati pesa kwa kuivunja. Hilo hakulisoma popote. Alilipata kwa sababu mtu wa Rongai aliuliza kwa maneno manne.

Andika rasimu ya tatu sasa. Ndiyo, ya tatu.

## Hatua ya 9: Vua mapambo

Hapa tu, baada ya kujua unasema nini, ndipo unashughulikia lugha. Tazama binti wetu wa Kawangware alivyokuwa ameanza insha yake:

*"Wahenga walinena na waliponena hawakukosea kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni jambo lisilopingika kwamba tangu jadi na jadi usafiri umekuwa uti wa mgongo wa taifa letu tukufu."*

Na mwanzo huohuo ulivyokuwa katika rasimu ya mwisho:

*"Mwaka 2003 tangazo moja la kisheria liliamuru mstari wa njano na mkanda wa usalama. Zaidi ya miaka 20 baadaye, mstari bado uko ubavuni mwa matatu nyingi. Mkanda, kwenye gari nililopanda kutoka Kawangware, ulikuwa umefungwa fundo nyuma ya kiti."*

Ule wa kwanza ungempa sifa kidato cha nne, na haki yake, maana pale alikuwa akipimwa utajiri wa lugha. Wa pili unamfanya msomaji atake kujua kwa nini. Angalia pia kwamba kama jambo "halipingiki", hakuna haja ya kuliandikia insha.

Pitia kila aya na kalamu. Kata methali isiyofanya kazi. Kata "ni muhimu kutambua kwamba". Kila aya iwe na jambo moja, na sentensi yake ya kwanza iliseme. Jaribio: soma sentensi za kwanza za aya zote, mfululizo. Zikisimama kama hoja moja, mpangilio ni mzuri. Zikisomeka kama orodha ya sokoni, rudi.

## Hatua ya 10: Marejeleo

Haraka, kwa sababu ni kazi ya mikono tu. Tumia mtindo ambao idara yako imeagiza. Ukiambiwa APA, toleo linalotumika ni la 7, la mwaka 2019. Zotero ni programu ya bure inayopanga orodha, ila ikague mwenyewe: huchukua makosa yaliyoko mtandaoni ikayaleta kama yalivyo.

Kuhusu Turnitin, programu ambayo vyuo hutumia kulinganisha kazi yako na maandishi mengine: asilimia unayoiona ni ya mfanano, si ya wizi. Nukuu ulizozitaja vizuri na hata orodha ya marejeleo zinaweza kuhesabiwa humo. Usianze kubadilisha maneno kwa visawe ili nambari ishuke. Sentensi zitapinda na wizi utabaki wizi. Ulichochukua, taja ulikokitoa.

## Hatua ya 11: Karatasi ikirudi

Usitazame alama kisha ukaikunja mfukoni. Nakili kila maoni ya mhadhiri kwenye ukurasa wa mwisho wa kauntabuku, kwa maneno yake. Yaliyojirudia yawekee nyota.

Kisha nenda ofisini kwake saa za mashauriano. Usiende kulilia alama. Beba insha yenyewe, weka kidole kwenye aya moja, useme: "Habari za asubuhi, Daktari. Hapa uliandika 'ushahidi haba'. Ningeongeza nini?" Wahadhiri wanaonekana wakali, lakini wengi hukaa peke yao saa hizo wakisubiri mtu mwenye swali la namna hiyo.

## Na mtihani je?

Katika vyuo vingi vya umma kazi za muhula hubeba alama 30 na mtihani wa mwisho 70, kwa hiyo swali hili huulizwa sana. Kwenye mtihani hakuna rasimu ya pili, na unarudi kule kwa KCSE: saa inakimbia, nukta ya mwisho ndiyo mwisho.

Unachoweza kufanya ni kuifupisha hatua ya sita. Kabla ya kujibu swali la insha, fungua ukurasa wa nyuma wa kijitabu cha majibu, jipe dakika saba. Andika mbio chochote unachofikiri, bila utangulizi, hadi itokee sentensi ambayo mtu anaweza kuibishia. Izungushie. Rudi ukurasa wa mbele, anza na hiyo. Ule wa nyuma uandike "Rasimu" juu yake na uukate kwa mstari mmoja wa mshazari, ili msahihishaji asidhani ni jibu.